Dakika Kumi na Moja Kabla ya Magharibi

Ngara, Nairobi
Jumanne, 6 Mei 2025

Munir, mume wangu mdogo,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Mimi mzima. Goti la kushoto lalia nikipanda ngazi, la kulia lamcheka mwenzake. Mzee Hanif, muadhini wetu, amepona ile nimonia na amerudi msikitini, ila sauti yatoka kama ya jogoo aliyekabwa. Dada yangu Mahira wa Mombasa akusalimu. Ridhaa wa duka la viungo bado mnene, bado asema ataoa mke wa pili, na mkewe bado amwambia, "Jaribu."

Anayeandika ni Peres, fundi wa nguo wa chumba cha chini. Mimi tarakimu nazijua kwa sababu ya biashara. Herufi hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia aandike kila neno, hata likiwa baya. Amecheka. Ameliandika na hilo.

Wajiuliza mbona barua, na simu ipo. Kwa simu wewe una maneno matatu: "Niko sawa, Bibi." Karatasi ni pana. Ijaze.

Haya. Siku ya tatu baada ya Idi umeacha kazi yako ya ukarani hapa mjini, umeacha chumba chako cha Mountain View, umekwenda Kitale ambako hatuna hata kaburi. Hukuniaga. Mimi niliyekulea tangu una miaka minne, na kinyesi chako nakijua rangi!

Kama ni jambo la ile Magharibi ya mwezi ishirini na tatu ya Ramadhani, liache. Mzee Hanif aliugua, ukaadhini badala yake, ukaadhini mapema. Watu wa mtaa mzima wakafuturu na jua bado liko juu ya mawingu. Misikiti mingine ikaadhini dakika kumi na moja baadaye na sisi tuna tende tumboni. Tukaambiwa tulipe funga ya siku moja. Siku moja! Kuna watu wanalipa mikopo miaka kumi na wanalala fofofo.

Hayo yamepita, tusiyarudie. Niambie, wala nini huko?

Bibi yako,
Saleha

*

Kitale
Jumatatu, 19 Mei 2025

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Wa alaykum salaam. Nimefurahi kusikia goti moja bado linacheka. Msalimie Mzee Hanif, na mwambie Peres asante. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Nimepata kazi ya karani kwenye ghala la mahindi. Watu ni wakarimu, asubuhi kuna baridi, maziwa ni mengi. Nakula vizuri. Nalala vizuri. Nilihama kwa sababu mshahara ni bora kidogo na nilitaka kubadilisha hewa.

Kuhusu ile Magharibi, Bibi, nakuomba kwa heshima tusiizungumze. Nilisoma ratiba vibaya. Basi.

Mjukuu wako,
Munir

*

Ngara
Jumanne, 3 Juni 2025

Munir, muongo wangu,

Sisi wazima, alhamdulillahi, na mvua zimepungua. Mzee Hanif ameanza kunywa tangawizi. Salamu zimeisha.

Mwenye nyumba wako wa zamani alinipigia nikaondoe godoro lako. Nikaenda Mountain View na Peres. Godoro lile, Munir, ni jipya kama siku liliponunuliwa, halina hata shimo la bega. Ila kiti kimechakaa mpaka sponji yatazama watu. Na kando ya kiti nimekuta saa. Nikahesabu mara mbili nikidhani ni uzee. Saa tano! Saa tano za mezani, zimepangwa mstari kama askari, zote zagonga!

Mtu ana saa tano za nini? Hata stesheni ya treni haina saa tano!

Peres akasema, "Mama Saleha, huyu kijana halali." Nikamwambia nyamaza. Kisha nikakaa juu ya godoro lako, nikanyamaza mimi.

Sasa nisikilize. Nimekutumia kifurushi kwa basi: kashata, mkate wa sinia, na foronya mpya ambayo Peres ameishona bure, mwenyewe alikataa shilingi yangu. Yule bibi wa ghorofa ya tatu alisema una jini. Nikamwambia kama ni jini basi ni jini karani, maana lapenda saa. Nimemwomba mwalimu wa madrasa akusomee dua, na ameshakusomea. Dua imeshaenda. Sasa na wewe nenda hospitali. Mungu hakuumba madaktari wakae wapige miayo.

Na safari hii niandikie kweli. Ukiniandikia tena "nalala vizuri", wallahi nitapanda basi mimi na goti langu, nije nilale mlangoni kwako nihesabu mara ngapi wageuka.

Bibi yako mwenye hasira,
Saleha

(Munir, sasa. Ni mimi Peres. Huyu mama atakuja kweli. Amenituma niulize bei ya tiketi. Andika tu.)

*

Kitale
Jumatatu, 30 Juni 2025

Bibi,

Nisamehe kuchelewa. Barua hii nimeianza mara sita. Kifurushi kilifika, mkate wa sinia ukiwa bado laini, na wenzangu wa ghalani wanakuombea maisha marefu kwa sababu ya kashata.

Nitakuambia mara moja, usinikatize.

Siku ile nilipanda kwenye kile chumba cha muadhini, simu nimeiacha ikichaji kwa Ridhaa. Nikatazama ratiba ukutani. Nikaona saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Niliona, Bibi. Nikatazama saa ya ukutani, nikangoja, nikaadhini. Nilikuwa na furaha mpaka sauti ikatetemeka. Nilipomaliza nikasikia kimya. Mitaa mingine yote kimya. Nikashuka nikakuta watu wana tende mdomoni wanatazamana.

Kesho yake nilirudi kuitazama ratiba. Imeandikwa dakika arobaini na mbili. Na si hilo tu. Mimi nakumbuka pambo la kijani pembeni. Kesho yake hapakuwa na kijani popote.

Basi, kama macho yangu yaliona kijani ambacho hakipo na tarakimu ambazo hazipo, yataniongopea nini kingine? Nilianza kununua saa, maana moja haitoshi, na mbili zikipishana nani mkweli? Wiki ile ile, ndani ya duka mjini, moyo ulianza kunienda mbio ghafla, pumzi ikabana, vidole vikafa ganzi. Nilijua nakufa. Nilikaa sakafuni kati ya sabuni na majani ya chai. Haikuchukua robo saa, ikaisha, nikafa kwa aibu badala yake.

Tangu hapo huja usiku. Nikianza tu kuzama usingizini, mwili unashtuka kama mtu aliyekosa ngazi, na moyo unaanza. Sasa naogopa kitanda chenyewe. Kazini napima gunia moja mara tatu, nafunga mlango, narudi kuutikisa. Bosi ameanza kuniangalia.

Sikukuaga kwa sababu nilijua utanitazama usoni.

Umeniambia niandike kweli. Ndiyo hiyo.

Munir

*

Ngara
Jumamosi, 12 Julai 2025

Munir, moyo wangu,

Sitasalimia sana. Wazima wote.

Barua yako Peres alinisomea mara mbili, ya pili kwa sababu mara ya kwanza sikio langu liligoma. Sikukukatiza. Nilitaka, ila hukuwapo.

Nikawauliza watu, nani ajua ugonjwa wa kukosa usingizi kwa hofu? Mteja wa Peres akatuambia kuna daktari wa mambo hayo kule Muthangari kwa matajiri, aitwa Daktari Nzuki, mwanamke. Nikavaa buibui langu jipya nikaenda. Munir, huko hata mbwa wana adabu! Miti imekatwa kichwa sawasawa. Nikakaribishwa kiti laini nikazama nusu, nikadhani sitatoka.

Akaniuliza, "Mama, nikusaidie nini?"

Nikamwambia, "Nimekuja kutibiwa kwa niaba ya mjukuu wangu."

Akasema hawezi kumtibu mtu aliye Kitale kupitia goti la nyanya yake. Mimi nikamwambia basi nifundishe, nitamtumia kwa basi. Akacheka, lakini si mtu mbaya, akanieleza. Asema wewe hufi. Asema ile ni hofu imeingia mwilini kama mwizi aliyeingia nyumba isiyo yake, yapiga kelele zaidi ya inavyoweza kufanya. Asema ipo dawa ya mazungumzo, na dawa ya vidonge ikihitajika, na Kitale kuna watu wanaojua kazi hiyo. Jina la mmoja ameniandikia: Were, hospitali ya huko. Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Nenda! Nimefurahi mpaka nimempa yule daktari visheti vyangu vyote. Unapona, Munir! Nimeona uso wa mtu asiyeshangaa, na mtu asiyeshangaa amezoea kuponya!

Kisha nikiwa naondoka akaniuliza, "Na wewe mama, walala vipi?"

Nikamwambia mimi sikuja kwa ajili yangu.

Akasema, "Najua. Lakini nakuuliza."

Nikaondoka. Watu wa Muthangari wana maswali mengi.

Mzee Hanif asema hawezi tena adhana ya Magharibi, kifua chamkataa. Kamati yatafuta mtu. Wanalitaja jina lako, nami najifanya nasikiliza redio.

Bibi yako

*

Kitale
Ijumaa, 25 Julai 2025

Bibi wa Muthangari,

Nilicheka barua yako nikiwa juu ya mizani, ikanipima na kicheko.

Nimekwenda kwa huyo Were. Ni mtu mfupi, ana sweta la kahawia, anaongea polepole kama anayemwaga mafuta kwenye koroboi. Alinipima moyo kwa mashine, akanitoa damu. Moyo mzima. Akaniambia ile ni shambulio la hofu, lina jina, linawapata wengi, na si wazimu. Nikamwuliza mara tatu kama ana hakika. Akajibu mara mbili, akakataa ya tatu: "Nikikujibu tena nitakuwa nakununulia saa ya sita." Nilikuwa nimemweleza habari za saa.

Haya ndiyo aliyonipa. Saa ibaki moja, na usiku igeuzwe uso ukutani. Chai ya rangi mwisho alasiri. Kitanda ni cha kulala tu; nikikaa macho kitambo, niinuke, nikae kwenye kiti nifanye jambo la kuchosha, mimi huchambua maharagwe, mpaka macho yawe mazito ndipo nirudi. Asubuhi niamke wakati ule ule hata kama sikulala. Moyo ukianza mbio nisishindane nao. Nitoe pumzi ndefu kuliko niliyovuta, nijiambie, "Umekuja, utaondoka," nikae. Nikiukimbia unanifukuza.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zamani. Wiki hii nimelala saa nne mfululizo, mara mbili!

Kipo kitu kimoja ambacho Were hawezi kukigusa. Kila nikifumba macho naliona lile pambo la kijani. Anasema huenda nilichoka kwa funga. Labda. Lakini mtu akichoka huona giza, haoni kijani.

Kamati waambie nawashukuru, watafute mtu mwenye macho.

Munir

*

Ngara
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Munir,

Nimekaa karibu mwezi bila kukujibu. Si mvua, si basi, si Peres. Ni mimi.

Saa nne mara mbili! Hilo nimelitangaza ngazi nzima, mpaka bibi wa ghorofa ya tatu, yule wa majini, amekupigia kigelegele. Ila hiyo ya kupumua yanishangaza, mimi napumua tangu nizaliwe na hakuna aliyeniita daktari.

Haya. Peres, shika kalamu vizuri, usinitazame.

Asubuhi ya siku ile nilipanda msikitini kupiga deki upande wa wanawake, kama kila Jumatatu. Nikapita chumba cha muadhini. Mvua ilikuwa imeingia dirishani, ratiba imelowa, imekunjamana kama mimi. Nami nyumbani nina kalenda mpya aliyoniletea Mahira kutoka Mombasa, ina nyakati zote za sala, tarakimu kubwa kubwa kama za bei ya nyama, na pembeni ina pambo la maua ya kijani. Nikasema, nasi msikiti wetu upendeze. Nikashuka goti lalia, nikaileta. Nikaitundika kwa mkono wangu. Sikumwambia mtu, kwa sababu sadaka haipigiwi ngoma.

Ya Mombasa, Munir.

Mimi nilidhani jua ni moja! Likizama, limezama, kote usiku. Nani aliwahi kuniambia kwamba Mombasa lazama kwanza ndipo lije lizame huku? Miaka arobaini niko Ngara, sijawahi kuliuliza.

Usiku ule Ridhaa alikuwa akichekesha watu barazani, akasema, "Kijana ametufuturisha na watu wa Mombasa." Wote wakacheka. Mimi nikamsogelea. Nikamwuliza kwa upole, "Kwani Mombasa ni wakati mwingine?" Akanieleza kwa chungwa na kibiriti. Nikapanda ngazi zile gizani. Nikaitoa kalenda yangu, nikaichukua ile ya zamani nikaikausha kwa pasi ya Peres, nikairudisha ukutani alfajiri. Hiyo ndiyo uliyoiona kesho yake. Kalenda yangu iko chini ya godoro langu tangu siku ile, na mimi nimeilalia, kama huko ni kulala.

Macho yako hayana ila. Ulisoma ilivyoandikwa. Kijani kilikuwapo.

Nilisema nitakuambia Idi. Idi ikafika, wewe umekonda, nikasema wiki ijayo. Ukaondoka. Nikasema atasahau. Ukaniandikia lile pambo, nikakwenda Muthangari, nikadhani nikikutafutia daktari nitakuwa nimelipa. Yule Nzuki aliniuliza nalala vipi, na tangu hapo swali lake halijanyamaza. Niliogopa, Munir. Bibi Saleha ambaye hana shule, watu humwuliza kila kitu. Niliona haya kusema sijui jua.

Peres ameweka kalamu chini. Aniambia, "Mama, miezi mitano?" Nimemwambia ashike kalamu aandike na hilo.

Sina la kujitetea.

Saleha

(Munir, ni Peres. Ile pasi ni yangu na sikujua alikausha nini, aki. Analia sasa. Nimemwachia kwanza.)

*

Kitale
Jumamosi, 30 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo. Salamu kwa Peres.

Barua yako ilifika Jumatano mchana. Nilikwenda nyuma ya ghala nikapiga gunia teke mpaka likapasuka. Nimelilipia.

Miezi mitano nilidhani nina wazimu. Ulikuja Mountain View ukahesabu saa zangu tano, ukarudi nyumbani, ukalala juu ya jibu.

Usiku wa Jumatano nililala saa tisa mfululizo. Alhamisi nikachelewa kazini.

Sijawa tayari kuongea na wewe. Nimeandika ili ujue nimelala.

Munir

*

Ngara
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Munir,

Saa tisa! Peres alisoma, nikaruka goti likasahau kwamba ni bovu! Hasira yako naijua, iweke, ni yako, hata mimi nikiwa wewe ningepiga magunia mawili. Lakini saa tisa!

Sikuandikii uniongeleshe. Nakuandikia ujue nilichofanya.

Ijumaa baada ya sala nilisimama upande wa wanawake, nikaomba waume wasitoke. Nikaichukua kalenda, nikaipitisha juu ya pazia kwa fimbo ya ufagio. Nikasema, "Munir hakukosea. Mliyemfuata ni mimi." Nikaeleza yote, na pasi, na godoro. Kisha Ridhaa akasema kwa sauti, "Yaani miezi yote hii nimemtania kijana, kumbe deni ni la bibi yake!" Wakacheka mpaka imamu akaegemea nguzo. Mzee Hanif akakohoa kicheko.

Bi Jamila peke yake hakucheka, yule yule bibi wa ghorofa ya tatu, wa majini. Aliniambia mbele ya watu, "Kukosea si kitu. Ulimwacha mtoto aubebe." Nikamjibu, "Ndiyo."

Sasa sikiliza, mambo yamewaka moto huku! Ile siku moja ya kulipa, wengi walikuwa hawajailipa, wanaiahirisha. Kamati imeamua tuilipe wote kwa pamoja, Alhamisi tarehe tisa Oktoba. Mtaa mzima! Waliokwisha kuilipa nao watafunga kwa sunna, na Peres asema yeye Mkristo lakini hatakula mbele yetu. Futari mezani uani, gharama yangu na mikono yangu: mbaazi za nazi, mahamri, mkate wa mofa, kaimati. Ridhaa atoa viungo, na ameapa hatavipima!

Na wanataka adhana ya siku hiyo uiite wewe. Si mimi niliyesema, Mzee Hanif ndiye. Alisema, "Funga aliifungua yeye, aifunge yeye."

Sikulazimishi. Usipokuja, Mzee Hanif ataadhini na kifua chake. Chumba chako cha Mountain View kimepangishwa, lakini kwangu pana godoro ambalo halijapata shimo la bega.

Bibi yako,
kama bado

*

Kitale
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Bibi,

Natumaini umeamka salama na sufuria zote zimeoshwa. Samahani niliondoka usiku ule ule. Basi la saa tatu lilikuwa la mwisho na Ijumaa tulipokea malori manne. Hatukupata hata nafasi ya kukaa. Ulinikumbatia na mikono ya unga, ukaniambia nimenuka mahindi, ukarudi jikoni. Basi nitasema kwa karatasi, kama ulivyonizoesha.

Were aliniambia kabla sijaja, "Umejua kwamba hukukosea. Usidhani hofu nayo imejua. Mwili ulishajifunza njia, unaweza kupita tena." Alisema kweli. Nilipanda zile ngazi vizuri. Nikaiona ratiba mpya, ya Nairobi, imewekewa kioo. Wakati ukafika. Nikashika kipaza sauti, na hapo hapo ikaja. Moyo, pumzi, vidole. Yote, kama dukani. Kipaza sauti kikanigonga meno.

Zamani ningekimbia. Nilikaa chini. Nikauweka mkono sakafuni. Nikatoa pumzi ndefu, nikaiambia umekuja, utaondoka. Sikuitazama saa. Nilijua nikitazama nimekwisha. Sikusikia kitu ila moyo wangu, sijui nilikaa kwa muda gani. Nadhani ni kidogo tu. Ikapungua. Haikuisha, ilipungua. Nikasimama nikaadhini nayo ikiwa bado ndani. Nadhani ilikwenda sawa, maana niliposhuka watu walikuwa wanakula na kupiga kelele kama kawaida.

Hasira bado ipo kidogo, Bibi. Ipo pamoja na mapenzi, yamekaa chumba kimoja na hayapigani. Karibu kila usiku sasa nalala kwa muda wa saa sita, saba. Usiku mbaya nachambua maharagwe.

Kamati imeniuliza kama nitarudi. Nimewaambia mwisho wa msimu wa mahindi nitawajibu.

Mjukuu wako,
Munir

*

Ngara
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Munir, mume wangu mdogo,

Sufuria zimeoshwa, ila moja Ridhaa ameondoka nayo na amejisahaulisha. Mzee Hanif mzima. Goti limevimba kwa kusimama na limesema lilikuwa na thamani. Mahira alipiga kutoka Mombasa kuuliza kama tumefuturu na saa yake au yetu, nimemkatia simu.

Wewe wasema ulikaa kidogo tu. Nani alikuambia? Huko juu hakuna dirisha la uani. Sasa kaa, nikueleze usilolijua.

Sote tulikuwa uani, tende mkononi, watu zaidi ya mia na hamsini. Wakati ukafika. Ule msikiti wa barabarani ukaadhini. Ukafuata wa kule sokoni. Ukafuata wa mtoni. Magharibi imeingia, Munir, kila mtu amesikia kwa masikio mawili, na ni halali kula. Na kwako kimya.

Nikajua. Bibi wa mtoto hujua. Nikataka kupanda, goti likakataa, Peres akanishika kanga akaniambia, "Mwache."

Kijana mmoja mgeni akainua tende mdomoni. Ridhaa akamshika mkono. Ridhaa huyo ambaye tangu alasiri alikuwa akizunguka sufuria yangu ya kaimati kama paka! Akamwambia, "Ngoja."

Yule mgeni akasema, "Lakini si wameshaadhini?"

Ridhaa akamjibu, "Hao ni wao. Sisi twamngoja wetu."

Na wote wakangoja. Hakuna aliyeambiwa. Wazee wenye sukari wangojea, watoto wanyamaza, Bi Jamila ameshika tende yake hivi, kidole juu. Peres alitazama saa: dakika sita. Watu wenye njaa ya kutwa, chakula mbele yao, ruhusa wanayo, dakika sita nzima, mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyetafuna, mpaka sauti yako ikatoka.

Hatukukuambia siku ile kwa sababu ulikuwa na haraka ya basi, na kwa sababu mimi nilikuwa nimejifungia jikoni nalia juu ya unga. Nilitaka uisome mchana, umekaa, umeshiba.

Mahindi yavunwe kwa wakati wake, sikuharakishi. Leo nimelala mchana pia, Peres amegonga mlango mpaka amechoka, amedhani nimekufa. Nimemwambia niache, nina usingizi wa miezi saba wa kulala.

Bibi yako,
Saleha